Kipande cha Jana na Namba ya Leo



Somo letu la mwezi huu linahusu kitu kidogo ambacho karibu kila mtu mzima katika parishi yetu hutembea nacho, yaani kitambulisho, pamoja na namba na alama za vidole zinazokwenda nacho. Siku hizi vidole vyetu hupimwa ofisini, benki, na hata mlangoni mwa kiwanda asubuhi. Wako wanaoziogopa mashine hizo, na wako wanaozisifu. Sisi twaona ni afadhali tujifunze kwanza habari za kipande, maana wazee wetu walikwisha kupita katika darasa hili, nao walilipa ada kubwa.

Katika kusoma kwetu tushike maswali matatu. Kwanza, maandishi haya yamo mikononi mwa nani? Pili, yanasomwa na nani, na kwa kazi gani? Tatu, yule aliyeandikwa anaweza kujibu?

ALAMA YA KIDOLE ILITOKA WAPI

Mwaka 1858, huko Bengal katika Bara Hindi, ofisa Mwingereza aitwaye William Herschel alifanya mapatano na mkandarasi mmoja, Rajyadhar Konai, alete vifaa vya kutengenezea barabara. Herschel alimtaka achape kiganja chake nyuma ya karatasi ya mapatano, ili baadaye asiweze kusema kwamba sahihi si yake. Basi tangu mwanzo alama ya mkono ilihusu kazi na mkataba.

Baadaye Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, akisaidiwa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, alipata njia ya kuzipanga alama za vidole katika mafungu, hata karatasi moja ikaweza kupatikana upesi kati ya maelfu. Ofisi ya kazi hiyo ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897, na London mwaka 1901. Wino na karatasi vilikuwapo tangu zamani. Jambo jipya lilikuwa kabati, yaani mpango wa kumtafuta mtu mmoja kati ya wengi bila kumwuliza jina lake.

KIJALUBA CHA SHINGONI

Nchini Kenya sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa ajili ya Vita Kuu ya Kwanza haikutekelezwa mpaka mwishoni mwa 1919 na mwaka 1920. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuandikishwa. Karatasi yake ilikuwa na jina, kabila, mahali atokako na alama za vidole. Palikuwa pia na nafasi za mwajiri kuandika tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na tarehe ya kuachishwa, pamoja na sahihi. Karatasi ilitiwa katika kijaluba cha bati, nacho kilivaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi.

Kipande kilifanya kazi hivi. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia mtu, mtu huyo hakuweza kupata kazi kwingine. Akiondoka bila ruhusa, hata kama alipigwa au hakulipwa, alihesabiwa kuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Mwajiri alipeleka habari, na ofisi ya uandikishaji huko Nairobi ikatafuta alama zake. Tena mshahara wa zamani ulionekana wazi katika karatasi, kwa hiyo mwajiri mpya hakuona haja ya kumwongeza. Polisi aliweza kumsimamisha mtu njiani na kumdai kipande, na asiyekuwa nacho alitozwa faini au alifungwa.

Huko Tanganyika neno hilo hilo lilikuwa na maana nyingine. Kipande kilikuwa kadi ya kazi, hasa katika mashamba ya mkonge, iliyotiwa alama kwa kila siku ya kazi iliyokubaliwa, mpaka zitimie siku 30. Huko nako kalamu haikuwa mkononi mwa mfanyakazi.

Sisi tuliofundisha katika chuo cha ualimu twajua nguvu ya daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari, na shule bila daftari la mahudhurio haiendi. Lakini tuliwaambia wanachuo wetu ya kuwa daftari huonyesha ni mtoto gani hakuja. Halionyeshi kwa nini hakuja. Mwalimu mwema hulifunga daftari, kisha huuliza. Kipande kilikuwa daftari lisilouliza. Kiliandika ya kwamba mtu ameondoka shambani, lakini hakikuwa na mstari wa kuandika ya kwamba hakulipwa.

KANISA LILISEMA NINI

Mwezi wa Oktoba 1919 serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, hata wanawake na watoto pale ambapo mashamba yalikuwa karibu. Chifu akihimiza kwa amri ya mkuu wa wilaya, kila mtu alijua maana yake. Waraka na kipande vilifuatana kama sindano na uzi: waraka ulimpeleka mtu shambani, na kipande kilimzuia asitoke.

Askofu Willis wa Uganda na Askofu Heywood wa Mombasa, pamoja na Dakta Arthur wa misheni ya Scotland, waliandika tamko. Walionya ya kuwa kuhimiza huku kutageuka shuruti. Hata hivyo walikuwa tayari kukubali shuruti yenyewe, mradi iwekwe wazi katika sheria na kutiwa mipaka. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikataa hata hilo. Mwaka 1920 alitoa kijitabu huko Uingereza, ambacho jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema Watwana wa Uingereza. Yeye alishikilia ya kuwa kumlazimisha Mwafrika amfanyie kazi mtu binafsi ni kinyume cha haki na cha imani. Mwaka 1921 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Makoloni, aliagiza maofisa wa serikali waache kuwatafutia watu binafsi wafanyakazi.

Twajifunza nini hapa? Maaskofu wote hao walikuwa wa Kanisa letu, na wote waliona hatari. Wengine walitafuta namna ya kuipunguza. Mmoja aliuliza kama yule anayelazimishwa amekubali. Lakini hata baada ya ushindi huo wa 1921, kijaluba kilibaki shingoni. Amri mbaya inaweza kufutwa kwa barua moja, lakini mpango wa kuhifadhi habari za watu, ukisha kujengwa, huwa mgumu kuubomoa.

Wenye shingo zao nao hawakunyamaza. Harry Thuku alikuwa mpiga simu katika Hazina ya serikali huko Nairobi, kijana aliyezijua mashine za ofisini. Mwezi wa Julai 1921 yeye na wenzake walipeleka malalamiko London kwa telegramu. Katika harakati zao walipinga kipande, kodi, kupunguzwa kwa mishahara na kazi ya shuruti. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye watu wengi walikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mstari wa mbele. Risasi zilipigwa. Mary alikufa pale, na kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa walikuwa 21. Thuku alihamishiwa Kismayu.

Telegramu ilikuwa chombo cha watawala, lakini mwezi ule wa Julai ilibeba sauti ya mfanyakazi. Kipande nacho kilikuwa chombo cha kuandika, ila hakikumpa aliyeandikwa nafasi hata ya neno moja.

VIDOLE VYA MLOWEZI

Mwaka 1947 ilipitishwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, nayo ilitaka kila mmoja atoe alama za vidole. Hapo ndipo walowezi walipopiga kelele. Walisema kuchapwa vidole ni kufanywa kama wahalifu. Serikali ikalegea, na yule aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza akaruhusiwa kutoa picha na sahihi badala ya vidole.

Jambo hili latufundisha mengi kwa maneno machache. Kwa karibu miaka 30 mashine ile ile, wino ule ule, viliitwa utaratibu mwema wa kazi. Vilipofika kwenye mikono ya wenye nguvu, mara moja vikaitwa aibu. Basi, tukitaka kujua kama mpango fulani ni wa haki, tuulize kama waliouandika wangekubali kuwekwa chini yake.

NAMBA YA LEO

Turudi katika siku zetu. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilianza kuandikisha watu kwa Huduma Namba. Jumuiya ya Wanubi, ambao kwa miaka mingi wamepata taabu kupewa vitambulisho, walikwenda mahakamani pamoja na mashirika ya haki za binadamu. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa mpango unaweza kuendelea, ila kwanza ziwepo kanuni kamili za kuwalinda watu, tena serikali isichukue vinasaba wala kuandika mahali hasa mtu anapokaa kwa vipimo vya setilaiti. Mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ikasema tena ya kuwa utoaji wa kadi ulikuwa kinyume cha sheria, maana hatari kwa habari za watu hazikupimwa kwanza. Mwaka 2023 ukaanzishwa mpango mwingine, Maisha Namba.

Tuone tofauti. Mwaka 1922 waliouliza walijibiwa kwa risasi. Mwaka 2020 waliouliza walijibiwa kwa hukumu iliyoandikwa, na serikali ikatakiwa kuifuata. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ilipitisha sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Kwa sheria ya Kenya mtu ana haki ya kuambiwa habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kuomba zisahihishwe zikiwa na makosa. Ana haki pia ya kutoamuliwa jambo kubwa na mashine peke yake. Hali kadhalika Sheria ya Ajira ya 2007 yampa mfanyakazi anayeondoka cheti cha kazi aliyoifanya, na mwajiri halazimiki kuandika ndani yake sifa wala lawama. Karatasi ni ya mfanyakazi mwenyewe.

Lakini sheria haijitekelezi. Vidole vilivyochakaa kwa jembe na sabuni mara nyingine mashine hushindwa kuvisoma, na mwenye vidole hivyo ndiye maskini. Tena kipande angalau kilimtaja mwajiri. Leo kuna kijana anayepewa kazi kwa simu, anapimwa kwa simu, na kuachishwa kwa simu, asijue amwendee nani. Huko Nairobi vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja picha na maneno mabaya ya Facebook waliishtaki kampuni ya Meta yenye mtandao huo. Meta ilijitetea ya kuwa mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake. Februari 2023 Mahakama ya Ajira na Kazi ilisema inaweza kushtakiwa, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikakubali hivyo. Hilo halikumaliza kesi yenyewe. Limefungua mlango tu. Lakini kumpata wa kumjibu mfanyakazi ndiyo hatua ya kwanza.

NYUMBANI KWETU

Wapendwa, ni rahisi kuwalaumu walowezi na makampuni ya mbali. Tujiangalie sisi wenyewe. Ziko nyumba ambamo mtumishi akifika kutoka kijijini huombwa kitambulisho chake, kisha hufungiwa kabatini ili asiondoke bila kuaga. Wenye nyumba husema ni usalama tu. Tunalia watoto wetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Uarabuni wanaponyang'anywa pasipoti. Basi kitambulisho kilicho katika kabati letu kina tofauti gani? Hicho ni kipande, ila kamba yake haionekani.

Anayetaka kumjua mtumishi wake na aandike namba yake, kisha amrudishie kadi yake mkononi siku ile ile. Waandikiane mapatano ya mshahara na siku ya mapumziko, kila mmoja abaki na nakala. Anayewaandikia vibarua siku zao awaonyeshe daftari kila jioni. Hata orodha za kanisa, zenye namba za simu na ahadi za watu, zina mwenyewe: ni yule aliyeandikwa. Asizipewe mfanyabiashara wala mwanasiasa, hata akiwa rafiki wa parishi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika familia yako, ni nani aliyewahi kuvaa kipande au kufanya kazi kwa kadi ya siku 30? Mwulizeni mzee aliye hai awasimulie.

2. Maaskofu wa 1919 waliikubali shuruti kwa mipaka, na Weston aliikataa kabisa. Ni wakati gani yafaa kupunguza ubaya, na ni wakati gani yafaa kuukataa?

3. Kazini kwako, ni nani anayeandika habari zako? Je, umewahi kuziona?

4. Mtumishi wa nyumbani mwako akitaka kuondoka kesho asubuhi, je, kadi yake iko mkononi mwake?

Swali la nne tusilijibu katika kikundi. Kila mmoja na aende nyumbani, afungue kabati.