Kagua Injini ya Dizeli Iliyotumika Kabla ya Kulipa
Kikundi kinachonunua injini ya pampu ya maji au ya kinu cha kusaga kisitoe pesa za wanachama kabla ya kuikagua. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji.

1. Iguseni kabla haijawashwa. Ikiwa na joto, huenda inasumbua kuwaka ikiwa baridi.
2. Chomoeni kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji.
3. Iwasheni, mtazame moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto ni maji au dizeli isiyoungua.
4. Iendesheni na mzigo kwa dakika 30.
5. Linganisheni nambari ya injini na stakabadhi.

Muuzaji akikataa ukaguzi, ondokeni.