Kichujio cha Intaneti Maktabani: Nywila Ibaki kwa Mkutubi

Malalamiko yanayotufikia kuhusu kompyuta za maktaba za umma yanavutana. Wazazi wanasema watoto wao wanakutana na picha za ngono. Wanafunzi wa uuguzi nao wanasema wakitafuta habari za saratani ya matiti wanazuiwa. Wote wana haki.

Ukituuliza ununue kichujio gani, nasi tutakuuliza: nani maktabani kwako anaweza kukifungua? Mara nyingi hayupo. Fundi alikuja, akaweka, akaondoka na nywila. Ukurasa wa afya ukizuiwa kimakosa, mkutubi hana la kufanya, na msomaji huondoka akidhani kosa ni lake. Usisaini kupokea kazi kabla hujakabidhiwa nywila ya msimamizi. Tunarudia: usisaini.

Vichujio rahisi hukaa kwenye DNS, pale kompyuta inapouliza anwani ya tovuti. Jina likiwa kwenye orodha ya marufuku, tovuti haifunguki. Cloudflare hutoa huduma hiyo bure kwa anwani 1.1.1.3, huzuia pia programu hasidi, na kuiweka kwenye ruta si kazi kubwa. Lakini haikupi mahali pa kuruhusu tovuti iliyozuiwa kimakosa. Iwekeni kwenye kona ya watoto. Kompyuta za watu wazima zinahitaji huduma yenye akaunti ya maktaba na orodha yenu wenyewe ya tovuti zinazoruhusiwa, hata kama ni ya kulipia.

Muuzaji asikuonyeshe majaribio ya Kiingereza peke yake. Kichujio kinachokamata maneno ya Kiingereza hupitisha matusi ya Kiswahili bila kushtuka. Kaa kwenye kiti cha msomaji, kwa akaunti ya msomaji, uandike mwenyewe: saratani ya matiti, uzazi wa mpango, ukeketaji, dalili za kisonono. Kurasa za afya zikifungwa, kirekebishwe au kirudishwe.

Wapo watakaokushauri kichujio kinachofungua mawasiliano yaliyosimbwa ili kisome kila ukurasa. Kataa. Kifaa hicho kinaweza kuona hata nywila ya benki ya msomaji, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inakudai uzilinde taarifa za watu.

Sasa utaratibu unaopuuzwa kuliko yote. Mtu mzima akiomba tovuti ifunguliwe, mkutubi aiangalie na kuifungua papo hapo, bila kumuuliza anaitakia nini. Anayesoma kuhusu VVU asilazimishwe kujieleza mbele ya foleni. Daftarini andika tovuti na tarehe. Jina la msomaji usiandike. Kwa mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, mkutubi aupitie ukurasa wenyewe kwanza. Tovuti za ngono hazimo katika ruhusa hii, na picha za ngono za watoto ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: hazifunguliwi kwa yeyote, kwa sababu yoyote.

Maktaba za shule na vyuo zifuate taratibu za shule au chuo husika.

Nywila wawe nayo watumishi wawili, ili mmoja akiwa likizo kazi isisimame. Nakala iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kabati la ofisi. Fundi akimaliza mkataba, ibadilishwe siku hiyohiyo.