Kinga ya Msamba Wakati wa Kujifungua

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kama ilivyo katika sehemu nyingi za mikoa ya Lindi na Mtwara, habari za kuchanika wakati wa kuzaa husemwa kwa sauti ya chini. Mwanamke aliyejifungua huulizwa kama mtoto ni mzima, kama ni wa kike au wa kiume, na kama maziwa yameanza kutoka. Ni nadra kuulizwa kama yeye mwenyewe aliumia. Kwa sababu hiyo wako wanawake wanaoishi miaka mingi na madhara ambayo yangeweza kuzuiwa au kutibiwa, wakidhani kwamba hayo ndiyo malipo ya uzazi. Makala hii inakusudia kueleza msamba ni nini, kwa nini huchanika, na ni mambo gani yaliyothibitishwa kwamba hupunguza hatari hiyo.

Msamba ni sehemu ya mwili iliyo kati ya tundu la uke na tundu la haja kubwa. Juu yake iko ngozi, na chini ya ngozi iko misuli iliyofumana, ambayo hushikilia viungo vya nyonga visishuke. Nyuma kabisa uko msuli wa mviringo ambao hufunga njia ya haja kubwa kama kamba ifungavyo mdomo wa mfuko. Wataalamu hugawa kuchanika katika madaraja manne. Katika daraja la kwanza huchanika ngozi tu au utando wa uke. Katika daraja la pili hufikiwa misuli ya msamba. Katika daraja la tatu huchanika msuli ule wa mviringo, na katika daraja la nne mpasuko hupita mpaka ndani ya utumbo wa haja kubwa.

Yafaa kusema tangu mwanzo kwamba kuchanika kidogo ni jambo la kawaida sana, wala si dalili ya uzembe wa mzazi au wa mkunga. Huko Uingereza, ambako hesabu hizi huwekwa kwa makini, hadi wanawake 9 kati ya 10 wanaozaa kwa njia ya kawaida kwa mara ya kwanza hupata mkwaruzo, mchaniko, au huongezwa njia. Mengi ya majeraha hayo hupona vizuri. Ya kuogopwa ni madaraja ya tatu na ya nne, ambayo huko huwapata wanawake kama 6 kati ya 100 katika uzazi wa kwanza. Mwanamke wa namna hiyo asiposhonwa sawasawa, huenda akashindwa kuzuia upepo au hata choo. Huacha kwenda ngomani, msikitini au kanisani, na pengine hutengana na mumewe bila kusema sababu.

Watu wengi huchanganya hali hii na fistula. Fistula ya kawaida ya uzazi hutokea pale kichwa cha mtoto kinapokwama kwa muda mrefu, nyama zikabanwa kati ya kichwa na mfupa, zikakosa damu na kufa, kisha likabaki tundu ambalo mkojo hupita bila kuzuilika. Kuchanika ni jambo la dakika chache za mwisho. Hata hivyo mpasuko wa daraja la nne usioshonwa waweza nao kuacha tundu kati ya uke na utumbo, na hapo maradhi hayo mawili hukutana.

Zamani mazungumzo haya yangeelekezwa zaidi kwa wakunga wa jadi. Leo hali imebadilika. Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na washirika wake, ilifanya uchunguzi mkubwa katika wilaya 6 za kusini, zikiwamo Nachingwea na Ruangwa. Mwaka 2007 ni wanawake 41 tu kati ya 100 waliojifungulia katika kituo cha tiba. Kufikia mwaka 2013 walikuwa 82 kati ya 100 katika kata ambazo watu wa kujitolea waliwatembelea wajawazito majumbani, na 75 kati ya 100 katika kata nyingine. Mabadiliko hayo ni makubwa kwa kipindi kifupi, na maana yake ni kwamba usalama wa msamba sasa umo zaidi mikononi mwa mkunga wa zahanati, ambaye aghalabu yuko peke yake usiku, na wakati wa masika hawezi kutazamia gari la wagonjwa kufika upesi.

Kwa nini msamba huchanika

Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake kina mzunguko wa kama sentimita 34. Mtoto akiwa ameinamisha kichwa, kidevu kikigusa kifua, upana unaopita mlangoni ni kama sentimita 9.5. Akiwa hakuinamisha vizuri, upana huo hufikia sentimita 11.5 hivi. Tofauti hiyo ya sentimita 2 ni kubwa kwa nyama ambazo tayari zimevutwa mpaka kuwa nyembamba kama karatasi. Ndiyo maana hatari huongezeka mtoto akielekeza uso mbele badala ya nyuma, akiwa na uzito wa zaidi ya kilo 4, au akivutwa kwa vyombo. Uzazi wa kwanza nao una hatari zaidi, kwa kuwa njia haijapata kutanuka.

Lakini pamoja na ukubwa wa kichwa kuna jambo la mwendo. Wasusi wa mikeka hulijua hili kwa mikono yao: ukindu mkavu ukikunjwa ghafula huvunjika, na ukindu uleule ukilowanishwa na kukunjwa taratibu hutii. Nyama za msamba zina uwezo mkubwa wa kutanuka zikipewa muda na joto. Kichwa kikitoka kwa kishindo kimoja, muda huo haupatikani.

Kutokana na hayo twaweza kuelewa ubaya wa mazoea mawili. La kwanza ni dawa za miti shamba za kuharakisha uchungu. Baadhi yake huufanya mji wa mimba ujikaze kwa nguvu isiyo na kiasi, na hakuna ajuaye kipimo chake. Licha ya msamba, mji wenyewe waweza kupasuka. La pili ni kumkandamiza mzazi tumbo kutoka juu ili mtoto atoke. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2018, limekataza kitendo hicho, nacho hakina utetezi wowote hata kikifanywa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Mambo yanayosaidia

Katika vyumba vingi vya kuzalia husikika amri ya "sukuma, sukuma", na mzazi huambiwa abane pumzi mpaka uso uvimbe. Shirika hilohilo lashauri kwamba mzazi aachwe afuate msukumo wa mwili wake mwenyewe. Kichwa kinapochomoza na hakirudi tena ndani, hapo ndipo pa kuacha kabisa kusukuma kwa nguvu. Mzazi apumue kwa pumzi fupifupi, kama mtu apulizaye uji wa moto, na kichwa kitoke kwa nguvu ya uchungu wenyewe. Mkunga huweka vidole vya mkono mmoja juu ya kichwa ili kisiruke, na mkono wa pili, akiwa na kitambaa safi, huutegemeza msamba. Huko Norway, wakunga walipofundishwa upya kazi hii ya mikono miwili kuanzia miaka ya 2000, majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu. Ni haki kuongeza kwamba uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 1998 haukuona tofauti kubwa kati ya kuushika msamba na kuuacha, na mabishano ya wataalamu hayajakwisha. Jambo ambalo hawabishani ni kwamba kichwa kitoke polepole.

Njia iliyo rahisi kuliko zote, na ambayo zahanati yoyote yaweza kuimudu, ni kitambaa cha uvuguvugu. Kitambaa safi huchovywa katika maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe kiasi, hukamuliwa, kisha huwekwa juu ya msamba wakati kichwa kinapoanza kuutanua, na hubadilishwa kila kinapopoa. Joto huleta damu, hulegeza misuli na kupunguza maumivu. Mkunga hupima kwanza kwa kiwiko chake, kwa kuwa ngozi iliyovutwa huungua upesi. Mwaka 2007 ulitangazwa uchunguzi wa Sydney, Australia, uliofanywa kwa wanawake 717 waliokuwa wakizaa kwa mara ya kwanza. Miongoni mwa waliowekewa kitambaa, majeraha ya daraja la tatu na la nne yalikuwa 4.2 kwa 100. Miongoni mwa wasiowekewa yalikuwa 8.7 kwa 100. Kwa gharama ya sufuria, kuni na kitambaa, hiyo si faida ndogo.

Kuhusu mkao, bibi zetu walizaa wakichuchumaa au wakipiga magoti mkekani, na kitanda chenye kumlaza mzazi chali kilikuja baadaye kwa manufaa ya mzalishaji zaidi kuliko ya mzazi. Uchunguzi waonyesha kwamba mzazi aliyeinuka kiwiliwili haongezwi njia mara kwa mara kama aliyelala chali, ingawa huenda akachanika kidogo zaidi daraja la pili. Basi achague mwenyewe, na kulala ubavu ni mkao mwema kwa mkunga anayetaka kuona msamba vizuri.

Kuongezwa njia, yaani kukatwa msamba kwa mkasi, kuna historia yake. Mzalishaji Fielding Ould wa Dublin alikueleza mwaka 1742, kuwe kwa shida maalumu tu. Mwaka 1920 daktari Joseph DeLee wa Chicago alishauri ukataji uwe desturi, kwa hoja kwamba jeraha lililonyooka hupona vizuri kuliko mchaniko wa ovyo na kwamba huuhifadhi msuli wa nyuma. Hoja hiyo ilipendeza na ilifundishwa duniani kote bila kupimwa. Ilipopimwa kwa wanawake 2,606 huko Argentina, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1993 yalikuwa kinyume cha matarajio: majeraha makubwa yalikuwa 1.5 kwa 100 pale ambapo ilikuwa desturi kukata, na 1.2 kwa 100 pale ambapo walikatwa wenye haja tu. Kwa hiyo kumkata kila mzazi wa mimba ya kwanza hakumkingi na lolote. Pale mtoto anapochoka na hana budi kutoka upesi, mkasi una kazi yake. Mkato huo uelekee upande, usishuke moja kwa moja kuelekea nyuma, na mzazi achomwe sindano ya ganzi kwanza.

Liko pia tendo ambalo mjamzito aweza kulifanya mwenyewe nyumbani tangu wiki ya 34 au 35. Akiisha kunawa mikono na kukata kucha, hupaka mafuta safi ya mimea, na Ruangwa na Nachingwea hazikosi ufuta, kisha huingiza kidole gumba kiasi cha sentimita 3 au 4 na kuuvuta msamba kwa upole kwenda chini na pembeni, kwa dakika chache, mara moja au mbili kwa wiki. Kwa wanaozaa mara ya kwanza tendo hili hupunguza haja ya kushonwa. Lisifanywe na mwenye kutokwa damu, aliyevunja chupa, au mwenye maradhi ya ukeni.

Nani atamfundisha? Kliniki ina watu wengi na muda mfupi. Kwa maoni yangu hatujawatumia vya kutosha makungwi na masomo, ambao tayari wana ruhusa ya kutaja viungo hivi kwa majina yake. Wayao wana sherehe ya litiwo kwa ajili ya mimba ya kwanza, yaani hasa kwa yule aliye katika hatari zaidi. Mkunga wa zahanati akialikwa hapo kwa nusu saa, atasikilizwa kuliko anavyosikilizwa kwenye foleni.

Baada ya kujifungua

Kila mzazi akaguliwe kwa mwanga wa kutosha, na mkunga apime kwa kidole njia ya haja kubwa, kwa maana msuli uliokatika waweza kufichwa na ngozi nzima. Madaraja ya kwanza na ya pili hushonwa zahanati kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Ya tatu na ya nne yapelekwe hospitali, yakashonwe na daktari katika chumba cha upasuaji.

Nyumbani hutokea hatari nyingine. Desturi yetu ya kumkanda mzazi kwa maji ya moto ina upendo ndani yake, lakini maji yanayotoa mvuke hayafai kwenye kidonda kibichi. Huunguza ngozi na kulegeza nyuzi. Mtu asidhani kwamba ndiyo dawa ileile ya kitambaa cha uvuguvugu, ambacho kazi yake huisha mtoto anapotoka. Kidonda kioshwe kwa maji safi, kikaushwe, kisipakwe majivu wala majani. Mzazi anywe maji mengi, ale mboga za majani na matunda ili choo kisiwe kigumu, na maumivu yakipungua aanze kuikaza misuli ile ya kuzuia mkojo, mara kadhaa kwa siku. Usaha, harufu mbaya, homa, au choo kupita bila kuzuilika ni sababu ya kurudi kituoni siku hiyohiyo. Na mwanamke aliyewahi kupata jeraha la daraja la tatu au la nne aseme jambo hilo kliniki mapema katika mimba inayofuata, ili daktari aangalie kama atazaa kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, na ili asijifungulie mbali na hospitali.