Waambie Kabla ya Mshahara Kuingia

Nimesimamia wafanyakazi wa ofisi hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, na sijaona mtu anayechukia mabadiliko kwa kuwa tu ni mageni. Kinachowaudhi ni kuyakuta kwenye hati ya mshahara.

Tazama makato. Julai 2023 ada ya nyumba za bei nafuu ilianza kukatwa, asilimia 1.5 ya mshahara. Januari 2024 mahakama ikaizima. Machi ikarudi na sheria mpya. Oktoba bima mpya ya afya, SHIF, ikachukua nafasi ya NHIF, na mwenye mshahara wa shilingi 100,000 aliyekuwa akikatwa 1,700 akaanza kukatwa 2,750. Makato ya pensheni ya NSSF nayo yalikuwa yanapanda kila Februari.

Siku hizi mhasibu hupiga hesabu ya mfano kwa ngazi tatu za mshahara, tunaibandika jikoni penye chai mapema, kabla ya tarehe ya malipo. Maswali huja makali, lakini huja kukiwa bado na la kufanya. Sheria ya Ajira hairuhusu makato yote kupita thuluthi mbili za mshahara, na wenye mikopo ya sacco wengi wako pale pale mpakani. Hao waite mmoja mmoja, faraghani.

Mabadiliko si ya mshahara tu. Ofisi ikihama kutoka katikati ya jiji kwenda Westlands, bosi huona maegesho. Karani wa Umoja huona nauli ya pili: matatu hadi mjini, kisha nyingine ya Waiyaki Way, na mvua ikinyesha jioni makanga anataja bei anayotaka. Wa Kangemi naye anashangilia kimyakimya. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mkataba wa pango, muulize kila mtu anapandia gari wapi, halafu uwaruhusu wa mbali waingie na kutoka kwa saa tofauti. Hilo limetusaidia kuliko semina yoyote ya hotelini.

Kifungu cha 10(5) cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya kazi, kisha amwandikie. Barua pepe ya Ijumaa jioni si mashauriano.

Uvumi wa kupunguza watu ukianza, sema unachojua, na utaje siku utakayorudi na jibu. Kama uamuzi umeshapita, waeleze haki zao: notisi isiyopungua mwezi mmoja, na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Na tafadhali, usimpeleke mtu mafunzo ya kukabili mabadiliko ilhali jina lake liko tayari kwenye orodha.