Ndoo mbili za kupimia akiba ya mwani

Wiki iliyopita nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu hapa Paje jinsi mwani unavyoweka akiba ya chakula. Ulva, ule mwembamba wa kijani unaoganda kwenye mawe, ulipaswa kugeuka buluu nyeusi ukidondoshewa iodini. Ukabaki na rangi ya dawa tu. Niliumia sana, maana darasa zima lilikuwa limenisogelea.

Sababu ya kwanza ni iodini. Muuzaji wa duka la dawa aliniapia kwamba ni mpya, kumbe chupa ilikuwa angavu na imekaa juani hadi dawa ikaharibika. Sirudi kwake. Siku hizi naingia dukani na kipande cha muhogo mbichi, nadondosha tone moja kabla sijalipa.

Sababu ya pili ni giza. Nilichuma Ulva asubuhi, maji yalipokupwa, nikaufunika ndooni hadi kipindi cha kesho yake. Usiku kucha ukala wanga wake wenyewe! Sasa nina ndoo mbili za maji safi ya bahari: moja dirishani kwenye mwanga kutwa nzima, nyingine imefunikwa siku mbili. Nachukua vipande saa kumi alasiri, navichovya kwenye spiriti iliyopashwa ndani ya maji ya moto, mbali na jiko, hadi vipauke. Halafu nasubiri vipoe kabisa ndipo nidondoshe iodini. Hapo ndipo wengi wanapoharibu, kwa sababu wanga ukiwa wa moto ile buluu haitokei. Juzi kipande cha dirishani kilikuwa cheusi tii, cha gizani kimepauka, na darasa likashangilia.

Mwani wa kahawia, Sargassum, usitarajie ugeuke buluu. Akiba yake ni laminarini na manitoli, na iodini haizishiki. Mwanafunzi mmoja alidhani hauna chakula.

Ila kilichonifurahisha zaidi ni spinosamu, mwani unaolimwa. Mama mmoja mkulima alituletea wa kijani kabisa, wanafunzi wakaapa kwamba utakuwa kama Ulva. Tukakata vipande vyembamba mno kwa wembe, tukavidondoshea iodini, tukaviweka chini ya hadubini: chembe zikawa za kahawia nyekundu, tena ziko nje ya kloroplasti. Spinosamu ni wa jamii ya mwani mwekundu, na wanga wake, wa florideani, hautoi buluu. Yule mama akainama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu, kisha akaniuliza kama nina nafasi kesho, alete na mwani mwingine, kotonii.