Uteuzi wa Darubini ya Picha za Mbali: Mwongozo kwa Wapigapicha wa Kishapu

Wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, kazi ya picha mara nyingi hufanyika kwa mbali, na umbali huo hauchaguliwi na mpigapicha. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson mwaka 1940, una uzio na walinzi. Mbuga za udongo mweusi hazipitiki mvua zikikolea. Ndege wa maji katika Bwawa la Songwa huruka pindi mtu anaposogea ukingoni. Kwa kuwa lenzi ndefu za kamera ni ghali mno, waandishi wa habari, maofisa mazingira na watafiti wengi hugeukia darubini ya jicho moja, ile inayofungwa juu ya stendi ya miguu mitatu na kuunganishwa na kamera au simu. Njia hii ilipata umaarufu kuanzia mwaka 1999 kupitia kazi za Laurence Poh, mtazama ndege wa Malaysia, na sasa imekuwa njia ya kawaida ya kazi.

Kanuni ya kwanza ya uteuzi ni kwamba picha hutokana na nuru, na nuru huingia kupitia lenzi ya mbele. Wauzaji hutangaza ukuzaji kwa maandishi makubwa, mara 60 au zaidi, kwa sababu tarakimu hiyo humvutia mnunuzi. Tarakimu ya kusomwa kwanza ni kipenyo cha lenzi ya mbele. Lenzi ya milimita 80 hukusanya nuru inayokaribia mara 1.8 ya ile ya milimita 60. Uzito nao huongezeka, na anayetembea kwa miguu kutwa nzima ana haki ya kuupima uzito huo dhidi ya faida. Kwa anayefika kazini kwa pikipiki au gari, milimita 80 ndiyo inayofaa.

Hesabu ya picha yenyewe ni rahisi na inapaswa kujulikana kabla ya fedha kutoka mfukoni. Ukuzaji wa darubini huzidishwa kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya kamera. Darubini ya mara 20 pamoja na lenzi ya milimita 50 hutoa urefu wa milimita 1,000. Ukigawanywa kwa kipenyo cha 80 hupatikana f/12.5, kiwango kinachofanya kazi vizuri katika jua la asubuhi. Ukuzaji ukipandishwa hadi mara 60, urefu hufika milimita 3,000 na kiwango hushuka hadi f/37.5. Nuru inayobaki ni sehemu moja kati ya tisa ya ile ya awali. Kamera hulazimika kuacha shata wazi kwa muda mrefu, na upepo mdogo tu huharibu picha. Kwa sababu hiyo, lenzi ya jicho isiyobadilika, ya mara 20 hadi 30, ina manufaa zaidi kwa mpigapicha kuliko ile ya ukuzaji unaobadilika (zoom), ingawa mtazamaji wa kawaida angependelea ya pili.

Ubora wa kioo hufuata. Darubini za bei nafuu huonyesha pindo la zambarau pale kitu cheusi kinapokutana na anga jeupe, kwa mfano shingo ya korongo au nguzo ya umeme. Kioo cha aina ya ED, yaani chenye mtawanyiko mdogo wa rangi, hupunguza kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa. Vumbi la Shinyanga linadai pia mwili uliozibwa na kujazwa naitrojeni, usiopitisha maji wala ukungu. Stendi isinunuliwe kwa fedha iliyobaki baada ya darubini. Iingizwe katika bajeti tangu mwanzo, kwani darubini bora juu ya stendi inayotikisika haina thamani kwa kazi hii. Simu ishikiliwe na kiunganishi kinachoibana imara mbele ya lenzi ya jicho, na shata ifyatuliwe kwa kipima muda cha sekunde 2 ili mtikisiko wa kidole uishe.

Hakuna kioo kinachoshinda hewa ya joto. Ardhi ya Kishapu ni tambarare, na mstari wa kuonea hupita karibu na udongo unaochemka. Kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, kitu kilicho mbali kilomita mbili huonekana kikichezacheza, na kuongeza ukuzaji hukuza mchezo huo. Kazi ya maana hufanyika kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, ikiwezekana kutoka juu ya mawe au kichuguu, mahali ambapo mstari wa kuonea huinuka juu ya tabaka la joto.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi, na ambalo mafunzo mengi hulipita haraka, ni jinsi picha ya mbali inavyobana masafa. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulipasuka, na tope likaingia katika maeneo ya vijiji vya Nyenze na Ng'wang'holo. Tangu hapo, picha inayoonyesha ukuta nyuma ya nyumba za watu ina uzito wa ushahidi. Tuseme nyumba ziko mita 600 mbele ya ukuta. Mpigapicha aliye mita 100 kutoka kwenye nyumba atapata ukuta uliopungua hadi sehemu moja ya saba ya ukubwa ambao ungeonekana kama ungesimama palepale penye nyumba. Aliye mita 3,000 atapata ukuta ambao haujapungua hata robo, kana kwamba umeinama juu ya mapaa. Picha zote mbili ni za kweli, lakini ya pili ikichapishwa bila maelezo huweza kuwatia hofu wanakijiji au kuwapa wahusika sababu ya kuukataa ushahidi wote. Wananchi walioathirika wanastahili ushahidi usiotiliwa shaka.

Haki ya kutafuta na kutoa habari inalindwa na ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, na faragha ya mtu inalindwa na ibara ya 16. Darubini inayofika uani mwa mtu haimpi mwenye nayo ruhusa ya kuingia humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu pia picha inayomtambulisha mtu, na wachimbaji wadogo au wachunga ng'ombe wanaopigwa bila kujua wasitambulishwe kwa sura pasipo ridhaa yao au sababu nzito ya maslahi ya umma. Kwa maeneo ya mgodi, kibali kiombwe kwa maandishi na nakala itembee na mpigapicha.

Kabla ya kununua, darubini itolewe nje ya duka na kuelekezwa kwenye maandishi ya mbali, kwa ukuzaji mdogo na mkubwa, huku kiunganishi kikiwa kimefungwa. Risiti ya EFD ichukuliwe, na dhamana iandikwe jina la mnunuzi.

Kila picha ya mbali iambatane na mahali pa kusimamia, umbali uliokadiriwa, ukuzaji uliotumika, tarehe na saa. Faili ya awali ihifadhiwe bila kuhaririwa, na nakala ya pili ikae kwenye diski nyingine. Halmashauri ya kijiji, mahakama au Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira likiihitaji, itolewe pamoja na maelezo hayo yote.