AFYA YAKO: Kansere ya prostati na mashine ya sauti

Mfanyakazi mwenzetu wa Mabanga, wewe unajua kazi ya mawe. Ufa mdogo ukionekana kwenye dari ya shimo, unategemezwa kwa mti siku ile ile. Ukiachwa, mti hautatosha tena. Kansere ya prostati ni vivyo hivyo.

Prostati ni tezi ndogo ya mwanamume, iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Kansere ikianza humo, mara nyingi haileti maumivu wala dalili yoyote. Ndiyo sababu wengi wanakwenda hospitali imekwisha kufika kwenye mifupa. Ugonjwa huu ndio uliomwua Rais Mobutu: alipasuliwa Lausanne, Uswisi, mwezi wa Agosti 1996, akafa Rabat, Moroko, tarehe 7 Septemba 1997. Fedha hazikumkosa.

Watu wanasimulia kwamba Ulaya kuna mashine inayoponya kansere hii bila kisu. Je, ni kweli? Ni kweli, lakini si kwa kila mgonjwa.

Mashine hiyo inatumia sauti isiyosikika, ya namna moja na ile ya ekografi wanayopimiwa mama wajawazito. Tofauti ni kwamba nguvu yake inakusanywa mahali pamoja, kama kioo kinavyokusanya jua mpaka jani likaungua. Mgonjwa analazwa kwa dawa ya usingizi, chombo kinapitishwa kwa njia ya haja kubwa, na sehemu yenye kansere inachomwa. Waganga wa Lyon, Ufaransa, walianza kuitumia kwa wagonjwa katika miaka ya 1990.

Matokeo yake ya muda mrefu ni haya. Waganga wa Uingereza walifuata wanaume 1,379 waliotibiwa hivyo katika hospitali 13, tangu 2005 mpaka 2020. Baada ya miaka 7, karibu 70 kati ya 100 walikuwa hawajahitaji kupasuliwa au kupigwa miali tezi nzima, wala kansere haijasambaa. Lakini 252 walirudishwa kwenye mashine mara nyingine. Katika hesabu nyingine ya mwaka 2018, karibu wote waliojibu maswali waliweza kuzuia mkojo wao. Nguvu za kiume ziliwapungukia baadhi yao.

Basi shika mambo matatu:

1. Mashine hii ni kwa kansere ambayo bado imo ndani ya prostati. Iliyokwisha kusambaa haiponi kwa njia hii. Usiuze kiwanja chako kwa safari kabla mganga hajakuambia kansere imefika wapi.

2. Sehemu ya tezi inabaki, na kansere inaweza kuota tena. Aliyetibiwa lazima apimwe miaka mingi, hata akijisikia mzima.

3. Ukifika miaka 50, uliza mganga juu ya kipimo cha damu kiitwacho PSA. Kama baba au ndugu yako aliugua, uliza tangu miaka 45. Sisi watu weusi tunapatwa zaidi na ugonjwa huu.

Mkojo ukitoka kwa shida, usikate tamaa: mara nyingi ni tezi iliyokua tu, si kansere. Ni mganga atakayejua. Usione haya, baba. Mwambie mama wa nyumbani, kisha nenda ukapimwe.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.